Dawa iliyosimamishwa kwa sababu ilifanya kazi: uchambuzi wa kisa kimoja cha kisukari na unene uliokithiri

Kisa kinachochambuliwa hapa kimejengwa kutokana na hali inayojirudia kliniki, wala hakikutolewa kwenye faili la mtu mmoja. Vipimo vya mgonjwa ni vya mfano, lakini takwimu za tafiti na maelezo ya miongozo ni yale yaliyochapishwa. Nimekichagua kwa sababu kinaonyesha kosa ambalo halimo katika dawa, halimo kwa daktari, na wala halimo kwa mgonjwa, ingawa lawama zote zilimwangukia yeye.

Kisa chenyewe

Mwanamke wa miaka 51, aliyegunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya pili miaka minne kabla, alianza matibabu mapya akiwa na kilo 98 kwa urefu wa sentimita 162. BMI yake, yaani uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ilikuwa 37.3, na mzunguko wa kiuno ulikuwa sentimita 112. Kipimo cha HbA1c, ambacho hueleza wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili mitatu iliyopita, kilikuwa asilimia 8.3 ingawa alikuwa akimeza metformini, dawa ya kisukari, bila kukosa. Shinikizo la damu lilikuwa 148/92 licha ya dawa moja aliyokuwa akitumia. Mumewe alieleza kwamba usiku hukoroma, kisha hukaa kimya kwa muda unaotisha kabla ya kuvuta pumzi kwa kishindo, na uchunguzi wa usingizi ukathibitisha kwamba pumzi ilikuwa ikikatika mara nyingi kila saa.

Alianzishiwa semaglutaidi, sindano ya mara moja kwa wiki inayoiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-1. Kama ilivyo kawaida ya dawa hii, dozi ilianzia miligramu 0.25 na kupandishwa hatua kwa hatua kila baada ya wiki nne kuelekea miligramu 2.4. Alipofika miligramu 1.7 kichefuchefu kilimzidi, akaachwa hapo kwa mwezi mmoja zaidi kabla ya kuendelea. Baada ya miezi 15 alikuwa na kilo 86, kiuno kimepungua hadi sentimita 101, HbA1c imeshuka hadi asilimia 6.3, shinikizo la damu ni 128/80, na mumewe anasema sasa chumba kinalalika. Alikuwa amepoteza kiasi cha asilimia 12 ya uzito wake. Katika jaribio la STEP 2, lililochapishwa mwaka 2021 na kuhusisha watu wenye kisukari cha aina ya pili, wastani wa upungufu kwa dozi hiyohiyo ulikuwa asilimia 9.6 katika wiki 68, kwa hiyo matokeo yake yalikuwa mazuri kuliko ya mgonjwa wa wastani.

Hapo ndipo muda wa kibali cha mfuko wake wa bima ulipokwisha. Mfuko ulikuwa na milango miwili ya kupitia: mgonjwa wa unene uliokithiri alitakiwa awe na BMI ya 35 au zaidi pamoja na ugonjwa mwingine unaoambatana nayo, na mgonjwa wa kisukari alitakiwa awe na HbA1c ya asilimia 7.5 au zaidi licha ya kutumia dawa nyingine. Fomu ya kuhuisha kibali ilikuwa ileile ya kuomba mara ya kwanza, karatasi moja tu, yenye kisanduku kilichoandikwa “BMI ya sasa” na kingine “HbA1c ya hivi karibuni”. Hakukuwa na mahali pa kuandika mgonjwa alianzia wapi. Daktari akajaza 32.8 katika kisanduku cha kwanza na 6.3 katika cha pili, na siku tisa baadaye jibu likarudi kwamba mwombaji hakidhi vigezo.

“Daktari, kwa hiyo hadi ninenepe tena ndipo wanipe?” aliuliza.

“Ndivyo karatasi inavyosema, mama.”

Miezi 11 baadaye alikuwa na kilo 94. BMI ilikuwa imefika 35.8 na HbA1c asilimia 7.7, shinikizo la damu limepanda, na kukoroma kumerudi. Sasa milango yote miwili ilikuwa wazi.

Mwili ulifanya nini katika miezi hiyo 11

Maelezo ya haraka, ambayo mgonjwa mwenyewe aliyaamini kabla hata hajaambiwa na mtu, ni kwamba alilegea. Alikuja kliniki na daftari dogo la mistari alimokuwa akiandika uzito kila Jumatano, siku aliyokuwa akijichoma sindano, na aliendelea kuandika hata baada ya sindano kwisha. Daftari hilo linastahili kusomwa kwa makini kuliko lilivyosomwa siku ile. Wiki mbili za kwanza hakuna kilichobadilika. Wiki ya tatu ameandika pembeni: “njaa imerudi mapema”. Wiki ya tano ameandika kwamba aliamka saa nane usiku akaenda jikoni, akasimama mbele ya kabati, akarudi kulala bila kula. Wiki ya sita ameandika kwamba alikula.

Mpangilio huo unafuata dawa yenyewe kwa karibu sana. Semaglutaidi hukaa mwilini muda mrefu: nusu yake hupotea kwa takriban wiki moja, nusu ya iliyobaki hupotea katika wiki inayofuata, na kufikia wiki ya tano kilichobaki ni kidogo mno. Mtu aliyeishiwa nidhamu hana sababu ya kuishiwa kwa kufuata kasi ya dawa kuondoka kwenye damu. Kilichorudi kilikuwa ishara ya njaa ambayo dawa ilikuwa imeituliza kwenye ubongo, na ilirudi ikiwa na nguvu kuliko zamani kwa sababu mwili sasa ulikuwa na akiba ndogo ya mafuta kuliko ile uliyoizoea.

Kwa nini mwili uitetee akiba inayoudhuru ni swali lililochukua muda mrefu kupata hata jibu la nusu. Tangu mwaka 1994, maabara ya Jeffrey Friedman ilipogundua leptini, tunajua kwamba seli za mafuta hutoa homoni inayouarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mafuta yakipungua leptini hupungua, na ubongo huchukulia hali hiyo kama dalili ya njaa ya kweli. Mwaka 2011 watafiti waliwafuatilia watu 50 waliopunguza uzito kwa mlo wenye nishati ndogo sana kwa wiki 10. Mwaka mmoja baadaye leptini yao ilikuwa bado chini kuliko mwanzo, ghrelini ambayo ndiyo homoni ya njaa ilikuwa bado juu, na wenyewe walisema wanasikia njaa kuliko walivyoisikia kabla ya kuanza. Mwaka 2016 kundi la Kevin Hall lilichapisha matokeo ya washiriki 14 wa shindano la televisheni la Marekani la kupunguza uzito: miaka sita baada ya shindano miili yao ilikuwa ikitumia takriban kilokalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umri na umbo lao. Mwaka 2024 watafiti wa ETH Zurich walionyesha kwamba hata seli za mafuta zenyewe hubaki na alama za unene wa zamani katika namna jeni zinavyowashwa na kuzimwa, alama ambazo hazikufutika uzito ulipopungua. Panya waliokuwa na alama hizo walinenepa upesi kuliko wenzao walipopewa tena mlo wenye mafuta mengi.

Ukiyaweka hayo pamoja, kilo nane zilizorudi kati ya 12 zilizopotea hazishangazi. Ni theluthi mbili, na theluthi mbili ndicho kiasi kilichoonekana katika ufuatiliaji wa jaribio la STEP 1, ambamo watu 228 wasio na kisukari waliacha semaglutaidi na kufuatiliwa kwa mwaka mmoja. Jaribio la STEP 4 liliuliza swali hilo kwa njia safi zaidi. Watu 803 waliokuwa wameshatumia dawa kwa wiki 20 na kupoteza wastani wa asilimia 10.6 ya uzito waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakaendelea na dawa na wengine wakahamishiwa kwenye dawa bandia, yaani sindano isiyo na dawa ndani, bila kujua. Walioendelea walipungua asilimia 7.9 zaidi, waliohamishwa wakaongezeka asilimia 6.9. Kwa tirzepataidi, sindano nyingine inayofanana na semaglutaidi, katika jaribio la SURMOUNT-4, tofauti ilikuwa kubwa zaidi: waliobadilishiwa dawa bandia baada ya wiki 36 waliongezeka asilimia 14. Ikumbukwe kwamba wote katika majaribio hayo mawili, STEP 4 na SURMOUNT-4, waliendelea kupewa ushauri wa lishe na mazoezi. Ushauri uleule uliobaki haukutosha kuliziba pengo lililoachwa na dawa.

Daktari aliandika kwenye faili, katika ziara ya mwezi wa nne baada ya dawa kusimamishwa, kwamba mgonjwa “amerudia ulaji wa zamani”. Ni sentensi fupi, na pengine iliandikwa bila ubaya wowote, lakini ndiyo ninayoiona kuwa kosa kubwa zaidi la kitabibu katika kisa hiki. Iligeuza tokeo lililotabirika kuwa tabia ya mtu, na kwa kuwa faili husomwa na wengine, lishe ndiyo ikawa mada ya ziara mbili zilizofuata ilhali shinikizo la damu lilikuwa likipanda.

Kanuni ilikosea wapi

Itakuwa rahisi mno kuusema vibaya mfuko wa bima na kuishia hapo. Watu zaidi ya bilioni moja duniani walikuwa wakiishi na unene uliokithiri mwaka 2022, na kundi lilelile la watafiti wa NCD-RisC lililokokotoa idadi hiyo lilikadiria kwamba watu wazima zaidi ya milioni 800 walikuwa na kisukari mwaka huohuo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu dawa hizi kwa watu wazima wenye unene uliokithiri, tarehe 1 Desemba 2025, lilikadiria kwamba hata uzalishaji ukiongezeka kwa kasi, kufikia mwaka 2030 zitawafikia chini ya asilimia 10 ya wale ambao zingewafaa. Penye uhaba wa namna hiyo lazima pawe na mpangilio wa nani atangulie, na kuanzia na wenye hali mbaya zaidi ni jambo linaloweza kutetewa mbele ya mtu yeyote. BMI ya 35 pamoja na ugonjwa unaoambatana ni mstari wenye mantiki kama mstari wa kuingilia.

Kosa lilikuwa kuutumia mstari wa kuingilia kuwa pia mstari wa kubakia. Hakuna anayemwondolea mgonjwa dawa ya shinikizo la damu kwa sababu shinikizo limeshuka, kwa kuwa kila mtu anaelewa kwamba limeshuka kwa sababu ya dawa. Kwa unene, mantiki hiyo inayoeleweka bila kufundishwa huyeyuka, na nadhani huyeyuka kwa sababu bado tunaufikiria uzito kama deni: ukishalipwa umekwisha, na anayekopa tena amejitakia. Fomu ya karatasi moja ilibeba dhana hiyo yote ndani ya neno “sasa” lililoongezwa kwenye kisanduku cha BMI.

Kosa la pili ni la kipimo chenyewe. Mwezi Januari 2025 tume ya wataalamu 58 iliyoongozwa na Francesco Rubino wa King’s College London, na kuchapishwa katika jarida la Lancet Diabetes & Endocrinology, ilipendekeza kwamba BMI isitumike peke yake kumtambua mgonjwa mmoja mmoja. Tume ilitaka mafuta ya ziada yathibitishwe kwa kupima kiuno au mafuta yenyewe, kisha ikatenganisha unene ambao tayari unavuruga kazi ya viungo, uliouita ugonjwa, na unene ambao bado haujafanya hivyo ingawa unaongeza hatari. Tumpime mgonjwa wetu kwa mizani hiyo siku aliyokataliwa. Kiuno cha sentimita 101 kwa urefu wa sentimita 162 ni uwiano wa 0.62, wakati kinachoonekana kuwa salama ni kiuno kisichozidi nusu ya urefu. Mafuta ya ziada yalikuwepo bado. Kukatika kwa pumzi usingizini kulikuwa kumepungua, hakukuwa kumekwisha. Kwa lugha ya tume alikuwa bado mgonjwa anayeendelea vizuri na matibabu, na kwa lugha ya fomu hakuwa mgonjwa tena.

Wapo waliojaribu kuandika kanuni ya kubakia, na si zote zilizotoka vizuri. Nchini Uingereza, mwongozo wa mwaka 2023 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, uliweka kikomo cha miaka miwili kwa semaglutaidi ya kupunguza uzito, na kikomo hicho kilifuata muundo wa huduma za kibingwa zilizokuwepo zaidi ya kufuata mwenendo wa ugonjwa. Mwongozo wa Desemba 2024 kuhusu tirzepataidi haukuweka kikomo cha namna hiyo. Ulichoweka ni swali la kuulizwa baada ya miezi sita kwenye dozi ya juu kabisa anayoivumilia mgonjwa: je, amepungua angalau asilimia tano ya uzito aliokuwa nao mwanzo? Ikiwa sivyo, ndipo wafikirie kuacha. Swali hilo humwondoa yule ambaye dawa haikumfaa na kumbakisha yule iliyemfaa. Mfuko katika kisa chetu ulifanya kinyume chake, kwani mgonjwa ambaye angepungua kilo nne tu angebaki na BMI ya 35.8 na kuhuishiwa kibali bila swali.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unazungumzia matumizi ya muda mrefu, unayoyaeleza kuwa miezi sita au zaidi, na unayaita mapendekezo yake kuwa ya masharti. Tahadhari hiyo ina sababu zake: data za miaka mingi bado ni chache, bei ni kubwa, na mifumo mingi ya afya haijajiandaa. Miezi michache kabla, Septemba 2025, shirika hilohilo liliingiza semaglutaidi na tirzepataidi katika orodha yake ya dawa muhimu, lakini kwa kundi mahususi la watu wenye kisukari cha aina ya pili walio pia na unene uliokithiri na ugonjwa wa moyo au wa figo. Mgonjwa wetu hana ugonjwa wa moyo wala wa figo uliothibitishwa, kwa hiyo hakuwamo katika kundi hilo. Inafaa kulisema hilo waziwazi, kwa sababu anayemtetea mgonjwa kwa kunukuu mwongozo usiomhusu humharibia hoja iliyokuwa nzuri.

Je, kulikuwa na njia ya kati? Hapa ushahidi ni mwembamba lakini upo. Jaribio la Denmark lililochapishwa mwaka 2021 lililinganisha liraglutaidi (dawa nyingine inayoiga GLP-1), mazoezi yanayosimamiwa, vyote viwili kwa pamoja, na dawa bandia. Wafuatiliaji waliporudi mwaka mmoja baada ya matibabu kwisha, waliokuwa wamechanganya dawa na mazoezi walikuwa wameudhibiti uzito vizuri kuliko waliotumia dawa peke yake. Mgonjwa wetu alipewa karatasi ya mazoezi katika ziara ya kwanza, na hakuna aliyemuuliza tena habari zake. Hilo lina uzito zaidi kwa sababu mtu anayepungua kwa kasi hupoteza misuli pamoja na mafuta, na uzito unaporudi hakuna hakika kwamba misuli itarudi kwa kiwango kilekile. Katika ziara ya mwisho aliinuka kwenye kiti kwa kusukuma mikono miwili kwenye magoti, jambo ambalo hakulifanya alipokuwa na kilo 98.

Kilichofanyika baadaye

Maombi mapya yalitumwa akiwa na kilo 94. Safari hii daktari hakuishia kwenye visanduku. Aliambatanisha barua ya ukurasa mmoja na nakala za kurasa nne za daftari la mgonjwa, akaonyesha uzito wa kuanzia, uzito wa siku dawa iliposimamishwa na uzito wa sasa, na akaomba jambo moja tu, kwamba kibali kikija kuhuishwa kipimwe dhidi ya kilo 98 za mwanzo. Kwenye faili alipiga mstari juu ya maneno “amerudia ulaji wa zamani”, akaandika pembeni “dawa ilisimamishwa”, akaweka tarehe na sahihi.

Kibali kilitoka kwa miezi 12. Mgonjwa hakuweza kuanza pale alipoachia, kwa kuwa baada ya miezi 11 bila dawa utumbo unakuwa umeshasahau, na kumrudisha moja kwa moja kwenye miligramu 2.4 kungemletea matapishi na upungufu wa maji mwilini. Alirudishwa kwenye miligramu 0.25, na ngazi zilezile zikaanza kupandwa upya, pamoja na kichefuchefu kilekile cha kutarajiwa kwenye 1.7. Shinikizo la damu liliongezewa dawa ya pili bila kusubiri uzito upungue. Mara hii miadi ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo iliandikwa kwenye kadi ileile ya miadi ya daktari, kila mwezi, ili isiweze kusahaulika bila mtu kuona.

Ombi la kutumia uzito wa mwanzo halikujibiwa. Fomu ya mwaka ujao ni ileile, na kisanduku chake bado kinauliza BMI ya sasa. Muuguzi wa kliniki ameanza kuandika kwa kalamu ya risasi, kando ya kisanduku hicho katika kila fomu inayopita mezani kwake, uzito ambao mgonjwa alianza nao.